Maswali ya wasomaji: Virusi vinapoamka baada ya kupandikizwa uloto

Safari hii barua na ujumbe kutoka Mtwara na Lindi vimeegemea upande mmoja. Ni watu waliopandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaozalisha damu) Muhimbili, Benjamin Mkapa ya Dodoma au India, wakarudi nyumbani salama, kisha virusi vya zamani vikaibuka. Tumechagua yanayogusa wengi. Dozi tunazozitaja ni za kukusaidia kuelewa unachopewa na kuuliza vizuri. Dozi yako wewe hupangwa na kliniki yako kwa kuangalia uzito na figo.

Shikamooni. Mwanangu wa miaka 9 alipandikizwa uloto kwa ajili ya selimundu, dada yake ndiye aliyemchangia. Leo ni siku ya 110. Akiwa bado wodini walimkuta na virusi vya CMV, akatundikiwa dripu wiki mbili. Jirani anasema kaambukizwa na dada yake. Na kwa nini bado anatolewa damu kila wiki wakati anakula na kucheza vizuri? (Mama, Newala)

Marahaba, mama. Jirani hana hakika ya anachosema. CMV ni ya ukoo mmoja na kirusi cha tetekuwanga. Kwetu Afrika Mashariki watoto wengi hukipata wakiwa wadogo, kwa maziwa ya mama na mate ya wenzao, na hakuna anayeshtuka kwa sababu dalili zake ni ndogo au hazipo kabisa. Kikishaingia hakitoki. Hulala ndani ya chembe za damu, kikizuiwa na chembe za kinga zinazoitwa T, ambazo zimeshakikariri. Dawa kali alizopewa mwanao kabla ya upandikizaji zilifuta uloto wake pamoja na chembe hizo, na siklosporini anayoendelea kumeza inazituliza hata hizo mpya. Ndipo kirusi chake mwenyewe kikainuka.

Ni kweli kwamba mchangiaji anaweza kumpa CMV mtu ambaye hakuwa nayo. Ila kwa mtoto ambaye tayari alikuwa nayo, hatari kubwa zaidi huja pale mchangiaji *hajawahi* kuipata, kwa sababu seli zake zinaingia mwilini bila kumbukumbu yoyote ya adui huyo. Kwa hiyo kama dada naye alikuwa na CMV, huenda ndiye aliyemsaidia. Msimlaumu binti.

Kuhusu damu ya kila wiki: CMV inaanza kuzaliana siku nyingi kabla mtoto hajaonekana mgonjwa. Ukisubiri kikohozi kikavu na pumzi fupi, imeshafika kwenye mapafu, na nimonia ya CMV kwa aliyepandikizwa huua wengi hata wakitibiwa. Ikifika kwenye utumbo huleta kuhara, wakati mwingine kuhara damu. Ikifika jichoni huharibu kuona. Ndiyo maana hupimwa kwa PCR, kipimo kinachohesabu virusi, na dawa huanzishwa hesabu ikivuka kizingiti cha kituo chenu hata kama mtoto anaruka kamba. Kawaida kipimo hicho ni cha kila wiki hadi siku ya 100. Wanaoendelea baada ya hapo ni wale ambao CMV imewahi kuamka, wanaomeza steroidi, au ambao seli za mchangiaji zinashambulia ngozi, ini au utumbo wao. Mwanao yumo katika kundi la kwanza.

Namna ya kusoma majibu. Ikitoka 400 ikawa 900 usipoteze usingizi, kwa sababu tofauti isiyofika mara tatu inaweza kuwa ni ya mashine tu. Ikitoka 400 ikawa 4,000 piga simu siku hiyo hiyo. Pimeni maabara moja siku zote na aina moja ya sampuli: majibu ya damu nzima hayalinganishwi na ya plazima (maji ya damu yasiyo na chembe), na tumeona majalada ambamo “kupanda” kote kulitokana na kubadili maabara. Damu ichukuliwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, plazima itenganishwe ndani ya saa 24, na isafiri kwenye kiboksi cha baridi. Damu ambayo haijatenganishwa isigandishwe. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, basi ombeni kliniki ipange plazima itenganishwe huku huku kusini kabla ya safari, na damu itolewe Jumatatu ili majibu yasiwakute Ijumaa jioni. Na mashine ya PCR kuwepo hospitalini hakutoshi: kila kirusi kinahitaji kitendanishi chake, kwa hiyo inayopima VVU haikupi jibu la CMV.

Ikibidi kutibiwa tena, dawa ya kwanza ni gansiklovia ya mshipani, kwa kawaida miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12, ikipita taratibu kwa saa nzima. Kidonge chake, valgansiklovia, humezwa na chakula na hakisagwi. Kwa mtoto dozi yake hukokotolewa kwa umbo na figo. Kukata nusu ya kidonge cha mtu mzima ni kubahatisha. Shida ya dawa hizi ni kuangusha chembe nyeupe, ndiyo maana hesabu kamili ya damu hurudiwa walau mara mbili kwa wiki. Chembe zikianguka sana, huhamia foskaneti, ambayo nayo husumbua figo na kushusha kalsiamu, potasiamu na magnesiamu. Hesabu ya virusi inaweza kuendelea kupanda wiki ya kwanza hadi ya pili ya dawa, hasa kwa anayetumia steroidi. Huo si usugu bado. Ikizidi kupanda baada ya wiki mbili za dozi kamili, hapo ndipo daktari anatafuta usugu.

Kitu kimoja kinachowapotosha hata waganga: CMV ya utumbo inaweza kuwepo huku PCR ya damu ikisoma kidogo au isisome kabisa. Mtoto anayehara kwa siku kadhaa anahitaji kamera ya utumbo na kipande kidogo cha utumbo kikatwe kipimwe, asitulizwe na karatasi ya majibu.

Habari za kazi. Nina miaka 58, nilipandikizwa seli zangu mwenyewe kwa saratani ya mieloma, sasa ni mwezi wa tano. Asaiklovia iliniishia miezi miwili iliyopita, nikaona nimepona, sikununua nyingine. Siku ya tatu leo naungua upande mmoja wa mgongo hadi mbavuni, kama nimemwagiwa maji ya moto. Ngozi haina kitu. Duka la dawa wamenipa dawa ya vidonda vya tumbo. (Mikindani)

Mzee wetu, ukisoma haya nenda hospitali leo hii, usingoje vipele. Maumivu ya kuungua upande mmoja tu, yakifuata mkanda kuanzia mgongoni kwenda mbele, kwa mtu aliyepandikizwa huhesabiwa ni mkanda wa jeshi mpaka ithibitike vinginevyo. Kirusi ni kile kile cha tetekuwanga ya utotoni. Kilijificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, na maumivu hutangulia malengelenge kwa siku moja hadi tano.

Kwa mtu mwenye kinga nzuri, asaiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku, siku saba, ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, inatosha. Kwako daktari anaweza kuchagua ya mshipani, miligramu 10 kwa kilo kila saa 8, na ataichagua bila kusita kama vipele viko usoni au karibu na jicho, kama vimetawanyika, au kama tumbo linauma vibaya. Hilo la tumbo lisidharauliwe: kirusi hiki kinaweza kuingia kwenye ini na utumbo kabla hata kipele kimoja hakijatokea, na mgonjwa akapasuliwa bure kwa kudhaniwa ni kidole tumbo. Vipimo vya ini vikiwa juu pamoja na maumivu hayo, asaiklovia ianze kabla ya majibu.

Mwambie daktari una mieloma. Ugonjwa huo wenyewe huumiza figo, na asaiklovia ikipitishwa haraka kwa mtu aliyekauka maji huganda chembechembe ndani ya figo. Kwa hiyo kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kwanza, maji yatangulie, dawa ipite kwa saa nzima. Diklofenaki usiiguse. Malengelenge yakitoka yafunike kwa shashi safi, usipake majivu wala dawa ya meno, na ukae mbali na wajawazito na watoto wachanga hadi yote yakauke magamba.

Kuhusu kuacha dawa: aliyepandikizwa seli zake mwenyewe hunywa asaiklovia ya kinga kwa miezi 6 hadi 12, na zaidi kama bado anadungwa dawa za mieloma za jamii ya botezomibu. Aliyepata seli za mtu mwingine ni walau mwaka mzima, na haachi huku bado anameza dawa za kushusha kinga. Wengi huugua mkanda wa jeshi hasa baada ya kuiacha. Kidonge chake ni cha bei nafuu ukilinganisha na kila kingine ulichokwisha lipia.

Naenda kupandikizwa kwa saratani ya damu, kaka yangu ndiye mchangiaji. Vipimo vya homa ya ini B: “antijeni hakuna, kingamwili ya kiini ipo”. Nimepewa tenofovia. Sina ugonjwa wa ini, na watu wakiona kopo wanasema ni dawa za VVU. Naweza kuiacha baada ya mwaka? (Lindi mjini)

Majibu yako maana yake ni kwamba uliwahi kupata homa ya ini B, mwili ukaishinda, lakini nakala za kirusi zimebaki ndani ya seli za ini. Kwa mtu wa kawaida hazina neno. Kwako wewe kinga inayozishikilia inaenda kufutwa. Wapo ambao antijeni ilirudi mwaka mmoja au zaidi baada ya kupandikizwa, wakiwa wameshajiona wazima.

Ini huumia kwa namna ya ajabu kidogo. Wakati kinga iko chini kirusi hujaa humo kimya, vipimo vya ini vikiwa shwari. Dawa za kushusha kinga zinapopunguzwa, kinga hurudi kama mwenye nyumba aliyekuta wageni vyumba vyote, akaanza kuvunja milango: macho ya njano, mkojo wa rangi ya kola, na kwa baadhi yao ini kufeli. Kwa hiyo wakati ambao mgonjwa anajiona amemaliza, ndio wakati tenofovia inafanya kazi kubwa kuliko yote.

Muda wake hauhesabiwi kuanzia siku ya kupandikizwa. Huhesabiwa kuanzia siku unayomeza dawa ya *mwisho* ya kushusha kinga: walau miezi 12 baada yake, na 18 kama ulipewa rituksimabu, dawa inayofuta chembe B za kinga. Ukishaacha, vipimo vya ini na wingi wa virusi vya B viendelee kila miezi mitatu kwa mwaka mwingine. Tenofovia na siklosporini zote ni mzigo kwa figo, kwa hiyo kreatinini na fosfeti zifuatiliwe. Figo zikilegea kuna entekavia, miligramu 0.5 kwa siku, humezwa tumbo likiwa tupu: saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya mlo mwingine. Lamivudini peke yake haifai kwa safari ndefu hivi, kirusi huizoea.

Kuhusu majirani: hamishia vidonge kwenye kopo lisilo na maandishi, liwe kavu na lifungwe vizuri. Ila kipimo cha VVU kifanyike kweli kabla ya kuanza, kwa sababu tenofovia peke yake kwa mwenye VVU huzalisha usugu. Na kaka apimwe B. Kama hana kinga na muda upo, achanjwe kabla ya kuchangia. Kinga yake inaweza kuhamia kwako pamoja na seli.

Mgonjwa wiki ya tano baada ya kupandikizwa nje ya nchi, anakojoa damu yenye mabonge, maumivu makali. Seftriaksoni siku tatu haijasaidia. Tufanye nini kabla ya kumhamisha? (Muuguzi, Nachingwea)

Muuguzi, katika wiki hizo cha kufikiria kwanza ni kirusi cha BK, kisha adenovirusi. BK hukaa kwenye figo na kibofu tangu utotoni. Dawa za maandalizi zikishababua ukuta wa kibofu, nacho kikaamka, ukuta unabanduka. Antibayotiki haigusi, siprofloksasini pia si dawa yake, na gansiklovia haifanyi kazi. Lakini mko ukanda wa kichocho, kwa hiyo chujeni mkojo na kutafuta mayai kabla hamjaamua.

Mabonge yakiziba mkojo, mpira wa kawaida wa njia mbili hautoshi. Tumieni wa njia tatu, saizi 20 hadi 24 kwa mtu mzima, toeni mabonge kwanza kwa bomba la sindano la mililita 50, ndipo muunganishe maji ya chumvi ya 0.9% yapite mfululizo hadi yanayotoka yawe ya waridi hafifu. Andikeni kinachoingia na kinachotoka kila saa. Kinachotoka kikipungua ghafla ni bonge limeziba, msiongeze kasi. Asidi traneksamiki iacheni, hugandisha mabonge humo humo. Maji ya mshipani kama figo na moyo vinaruhusu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa kawaida hulengwa zibaki juu ya 50,000.

Hapa ndipo pa kusimama: damu ya kumwongezea iwe imepigwa mionzi. Chembe nyeupe hai za mtu mwingine zinaweza kuota ndani ya mgonjwa huyu na kumshambulia, na ya ndugu wa damu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mwili hauitambui kuwa ni ngeni. Ile desturi ya kuwaita ndugu watoe damu fasta isifuatwe bila kuongea na kituo kilichompandikiza. Pigeni simu mkiwa mnaweka mpira, si baada.

Binti yangu mwezi wa tatu tangu apandikizwe, homa zinakuja na kuondoka, tezi za shingo zimevimba, malaria hakuna. Kapewa antibayotiki mara mbili. (Kilwa Masoko)

Mara ya tatu isiwepo. Tezi na homa katika miezi ya pili hadi ya sita zinaweza kuwa kirusi cha Epstein-Barr kinachozalisha chembe B bila breki, hali inayoweza kugeuka saratani ya tezi ndani ya wiki chache. Ni kirusi kile kilichoonekana mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda aliokuwa ameueleza daktari Denis Burkitt. Binti anahitaji PCR ya kirusi hicho, picha ya CT au PET, na kipande cha tezi. Kutoboa kwa sindano nyembamba hakutoshi. Matibabu huanza kwa kupunguza dawa za kushusha kinga inapowezekana, pamoja na rituksimabu miligramu 375 kwa mita mraba ya mwili kila wiki, kwa kawaida hadi dozi nne. Kabla ya rituksimabu, homa ya ini B ipimwe. Sababu tumeieleza hapo juu.

Na kila homa: 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa moja, ni ya hospitali usiku huo huo, antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu kufika. Panadoli kabla ya kupima inaficha homa. Kipimajoto hakiwekwi haja kubwa. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini kikitoka chanya kisifunge jalada.

Mpwa wangu wa miaka 11 ana miezi saba tangu apandikizwe. Mwaka huu tunaingiza vijana jandoni, wazee wanasema asiachwe. (Mjomba, Tandahimba)

Mjomba, kambini asiingie. Watoto wengi kulala pamoja kwa wiki kadhaa ndiyo njia rahisi ya surua na tetekuwanga, na chanjo zake za zamani zimefutika pamoja na uloto wa zamani. Atahiriwe hospitalini kliniki ikikubali, baada ya chembe sahani na dawa zake kuangaliwa, na mafunzo ya jando apewe nyumbani na wewe mwenyewe. Akikutana na mwenye tetekuwanga, hata kwa saa moja chumbani, pigeni simu siku hiyo: dawa ya kinga huendelea hadi siku ya 22 tangu wakutane.

Kwa ufupi

*Mdogo wa aliyepandikizwa, wa miezi miwili, apewe chanjo ya polio ya matone?* Iulizwe ya sindano. Kama matone yameshatolewa, aliyepandikizwa asimbadilishe nepi wala kugusa choo chake kwa wiki sita. Chanjo ya surua kwa mdogo haina shida. Kwa aliyepandikizwa mwenyewe, chanjo zenye virusi hai ni baada ya miezi 24, akiwa hamezi tena dawa za kushusha kinga.

*Kupuliza salfa kwenye mikorosho?* Mwaka wa kwanza hapana, hata kwa barakoa.

*Uraka na balungi?* Uraka wa mabibo haupikwi, kwa hiyo hapana. Balungi hupandisha siklosporini na takrolimusi kwenye damu hadi figo zikaumia. Embe na korosho za kukaanga, ruksa.